Penye Nyasi Nene Magugu Hayana Nafasi

Karani mmoja wa mji wa Nakuru alikuwa na uwanja mdogo wa nyasi mbele ya nyumba yake, nao ulimtia haya kila alipojiwa na wageni. Kila Jumamosi alizifyeka nyasi hata udongo ukaonekana, kisha akainama kung'oa magugu mpaka jua la utosi. Lakini hayakupita majuma mawili ila magugu yalikuwa yamerudi: ndago imechomoza, na mbegu za kishona-nguo zimenata katika mavazi ya watoto. Mwishowe alikata tamaa, akaazimia kuufunika uwanja wote kwa saruji, ijapokuwa watoto wake hawakuwa na mahali pengine pa kuchezea.

Siku aliyokuwa akiipima ardhi, jirani yake, mzee aliyefanya kazi ya bustani miaka mingi, alisimama kando akamtazama.

"Mwanangu," akasema, "wewe hupigani na magugu, bali unayakaribisha. Kila uzifyekapo nyasi mpaka shinani, unazipa mwanga mbegu zilizolala udongoni."

"Basi nifanye nini, Mzee?" akauliza karani.

Mzee akamweleza kwamba nyasi zile za kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Hutambaa juu na chini ya ardhi, na zikitunzwa huufunika udongo kama mkeka. Asikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, wala asizipunguze chini ya sentimita 4. Azinyweshe asubuhi, maji mengi baada ya siku kadhaa, ili mizizi ishuke chini, wala asinyunyize kidogo kidogo kila jioni. Mahali palipokanyagwa pakawa pagumu, apachome kwa uma wa bustani ili maji na hewa vipenye. Mvua za masika zianzapo, apande vipande vya nyasi katika mabaka yaliyo wazi. Samadi iwe imeoza barabara, kwa maana samadi mbichi huwa na mbegu za magugu zilizopita matumboni mwa ng'ombe. Kishona-nguo king'olewe kabla hakijazaa mbegu. Nayo ndago ichimbuliwe pamoja na viazi vyake, kwani ikikatwa juu tu huchipua tena.

Karani aliahirisha habari ya saruji. Mwaka wa kwanza mabadiliko yalikuwa machache, hata mkewe akamtania kwamba analima nyasi asizoweza kuzila. Lakini baada ya masika ya pili mabaka yalizibika. Ndago haikwisha kabisa, ila kazi iliyomla nusu ya siku sasa huimaliza kwa saa moja. Na muda unaobaki hukaa barazani akiwatazama wanawe wakicheza mpira.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bwana huyu alibakiza kidogo tu ajenge sakafu.