Bakuli la Mti la Nyanya

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nyumba zetu zimejaa vyombo vya bati na plastiki, navyo sivilaumu, kwa kuwa ni rahisi na vyepesi. Lakini kabla ya kuvitupa vyombo vya mti tulivyoachiwa na wazee, yafaa tuvitazame vema.

Fundi wa zamani hakuwa na mashine. Alilichonga gogo kwa tezo, akalichimba ndani polepole, akipima unene kwa vidole vyake tu. Gogo bichi huchongeka vizuri, lakini jua hulipasua. Basi alilikausha kivulini kwa siku nyingi. Mwisho alilisugua kwa majani makavu ya msasa, akalipaka mafuta. Bakuli la namna hii halina nakshi. Uzuri wake ni wa kimya, nao huzidi kadiri linavyotumika.

Tena, miti yenyewe imeadimika. Tazameni Ukambani: Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa Vita vya 1914–18, akaanzisha biashara ya vinyago kwao. Biashara hiyo imewalisha wengi, lakini mipingo na mihugu ilikatwa mno, hata katika miaka ya 1990 wachongaji wakahimizwa kutumia mwarobaini na mwembe.

Nyanya yangu alituachia bakuli moja, jeusi kwa mafuta ya miaka mingi, lenye ufa ulioshonwa kwa waya wa shaba. Alipotokea mnunuzi wa vitu vya kale, kaka yangu alitaka tuliuze, kwani nyumba yake ilihitaji mabati, na mvua haingoji. Hoja yake ilikuwa ya haki. Nilimlipa fungu lake kutoka katika mshahara wangu kwa miezi miwili, nalo bakuli likabaki.

Silifungii kabatini. Kila Jumapili wanangu hulila pamoja, na mkubwa hujifunza kumwachia mdogo nyama, jambo ambalo sahani ya kila mtu peke yake haimfundishi.

Wenzangu wenye vyombo hivi, msiviloweke majini wala kuvianika juani. Vifuteni, mvipake mafuta kidogo. Tena waulizeni wazee walio hai ni nani aliyevichonga, mkaandike jina lake. Mimi nilichelewa kuzaliwa. La fundi wetu hakuna tena alijuaye.