Gemu zimekua, benchi limevunjika

Jumamosi iliyopita niliteremka kituo cha mwendokasi cha Magomeni Mapipa nikiwa sina msiba, sina harusi, wala simdai mtu. Nilikwenda kucheza gemu. Naam, mtu mzima na mvi zangu mbili tatu! Mama watoto nilimwaga kwamba nakwenda kumjulia hali mzee mmoja. Sikudanganya sana, maana mzee huyo ndiye mwenye kibanda.

Ukishuka Mapipa unaiacha Barabara ya Morogoro na kelele zake, unaingia mitaa ya ndani. Magomeni siku hizi ina sura mbili. Kule Kota nyumba za zamani zilivunjwa, na mwaka 2022 yakazinduliwa maghorofa. Lakini pinda kona mbili tu, unaikuta Magomeni ileile: baraza za saruji, kina mama wa vitumbua, muuza kahawa anayegonganisha vikombe, na bao linalochezwa kwa ubishi kuliko kete. Miguu yangu haikuuliza njia.

Kibanda kile nilikijua vizuri mwaka 2006. Kama unakumbuka, mwaka ule nchi ilikuwa gizani kwa mgawo wa umeme. Mzee akakopa, akanunua jenereta dogo likawa linanguruma uani. Ndani mlikuwa na televisheni mbili za chogo, PlayStation 2 mbili, na benchi moja refu la mbao. Shilingi 100 mechi moja. Jasho lilikuwa la bure.

Gemu yetu ilikuwa Pro Evolution Soccer, ila sisi tuliiita Winning, kwa lile jina lake la Kijapani, Winning Eleven. Watengenezaji wake, Konami, hawakuwa na leseni ya kila timu, kwa hiyo Liverpool mle ndani iliitwa Merseyside Red. Nani alijali? Ukichukua Inter Milan ukampata Adriano, basi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mzinga, kipa wa watu unamwonea huruma. Mshikaji wangu mmoja alichukua Inter kila siku ya Mungu mpaka mtaa mzima ukamwita Adriano. Hata mama yake mzazi alimwita hivyo.

Sheria ilikuwa moja tu: anayefungwa anainuka. Unampa padi anayefuata, unakwenda kukaa mwisho wa benchi kungoja zamu yako, wakati mwingine saa nzima. Na hapo kwenye kungoja, msomaji wangu, ndipo yalipokuwa maisha. Kazi yangu ya kwanza, ya kubeba mizigo kwenye duka la spea Kariakoo, niliisikia kwenye benchi lile dakika tano baada ya kufungwa nne bila. Mama yake Adriano alipofariki, rambirambi ya kwanza ilichangwa hapohapo, kofia ikapitishwa kutoka mwanzo wa benchi mpaka mwisho.

Sasa njoo leo. Kibanda kipo, kimepakwa rangi ya buluu. Televisheni ni ile bapa kama sinia, na chini yake PlayStation 4. Benchi halipo. Kuna viti viwili vya plastiki, kimoja kitupu. Mlangoni limesimama dubwi linawakawaka taa, na vijana watatu wamelizunguka wanalilisha sarafu. Hawacheki, hawabishani, wanatazama tu.

Kwenye kiti cha plastiki alikaa kijana mmoja kavaa hedifoni. Nikamsalimia, hakusikia. Alikuwa anacheza mpira kwa intaneti na mtu ambaye hajui yuko Tanga au Toronto. Mara akafungwa, na mara nikamsikia anaporomosha tusi la mama wa mtu, tusi zito ambalo sitaliandika hapa. Inaelekea ametukanwa kwanza. Mzee alikuwa kakaa mlangoni, hakugeuka hata shingo.

Kijana alipopumzika akanionyesha kikosi chake. Kilikuwa cha kutisha! Nikamuuliza amefunga magoli mangapi kupata watu hao. Akacheka. "Anko, hawa sijashinda. Nimenunua pakiti kwa simu." Unalipa hela ya kweli, unafungua pakiti bila kujua ndani kuna nani. Ukibahatika unapata mchezaji wa maana, usipobahatika unanunua nyingine.

Nikalitazama dubwi, nikaitazama televisheni. Nikaona mambo ni yaleyale, tofauti ni rangi ya taa.

Na si mimi peke yangu niliyeona hivyo. EA Sports waliingiza mchezo huo wa pakiti kwenye gemu ya FIFA mwaka 2009. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ikasema pakiti za namna hiyo ni kamari, na mapema 2019 kampuni ikaacha kuuza pointi zake za kununulia pakiti nchini humo. Hayo ni ya wenzetu. Na Winning yangu? Mwaka 2021 Konami walilizika jina la Pro Evolution Soccer, wakaja na eFootball ya bure. Ilitoka Septemba 30 ikiwa na nyuso za wachezaji zilizopindapinda, dunia ikacheka, na kesho yake kampuni ikaomba radhi. Mimi sikucheka. Ni kama kuona picha ya marehemu wako imechorwa na mlevi.

Nikamlilia mzee: "Shikamoo baba, mbona mmeiua gemu?"

"Marahaba. Nani kaiua? Nyie mlikuwa malaika? Mlikuwa mnawekeana mia mbili mbili chini ya benchi mkidhani sioni. Na Adriano alivunja padi yangu ukutani, umesahau?" Akaonyesha dubwi kwa kidole. "Lile ndilo linalolipa kodi ya pango. Benchi lilivunjika mguu, nikaona la nini?"

Kha! Nikanywea, maana alisema kweli tupu. Lakini nikauliza tena: "Siku ile Adriano alipovunja padi ulimfanya nini?"

"Nilimfukuza wiki nzima. Mpaka mama yake akaja na hela ya padi mkononi, na yeye nyuma yake kainamisha kichwa."

"Na huyo aliyemtukana huyu kijana sasa hivi, utamfukuza wapi? Mama yake utampata wapi?"

Mzee hakujibu. Alimtazama yule kijana kwa muda, kama ndiyo kwanza anamwona.

Basi nikatoa noti, nikamwomba kijana avue hedifoni tucheze mimi na yeye, ana kwa ana. Akanitandika tano bila. Vidole vyangu vilikuwa vinatafuta PlayStation 2 kwenye padi ya PlayStation 4. Filimbi ikalia, nikainuka kama sheria inavyosema, nikanyoosha mkono nyuma kumpa padi anayefuata.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Nilibaki na mkono hewani kama mwehu. Kijana akanitazama, akasema kwa upole, "Anko, unampa nani? Kaa turudie, hii nalipa mimi." Nikakaa. Safari hii akanifunga tatu, nami nikapata moja la kufutia machozi, na mzee pale mlangoni akapiga kelele ya goli ambayo sijaisikia kwa miaka mingi.

Jumamosi ijayo narudi, na fundi seremala nimeshaongea naye kuhusu ule mguu wa benchi. Adriano, popote ulipo, ukisoma hapa ujue una deni: siku ile uliondoka kabla ya zamu yangu.