Fisi maji wa mwaloni kwetu

Mwalo wetu ulikuwa upande wa machweo wa kisiwa cha Ukerewe, pale mawe makubwa ya kijivu yanaposhuka mpaka majini na kuacha katikati yao ufukwe mwembamba wa mchanga. Ukitoka nyumbani kwa babu unashuka na njia ya ng'ombe, unapita shamba la muhogo na miembe ya jirani, na kabla hujaliona ziwa harufu inakuwa imeshakupokea: furu walioanikwa juu ya mawe, moshi wa kuni, matope ya kwenye matete, na lami iliyochemshwa pamoja na pamba ya kuzibia mitumbwi. Wanawake walikuwa wakiwageuza furu kwa viganja, huku wakiwafukuza kunguru kwa fimbo ndefu bila hata kuangalia.

Naizungumzia miaka ya mwanzo ya 1980. Furu walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna aliyewahesabu kuwa mali. Ni samaki wadogo, wengi hawazidi urefu wa kiganja, lakini madume yao yana rangi ambazo sijaziona tena mahali pengine: bluu inayoelekea weusi, wekundu wa mgongoni, manjano yenye kung'aa tumboni. Bibi aliwapika wakavu kwa nyanya na kitunguu, mchuzi ukawa mzito, na ugali wa udaga mweusi pembeni. Mchuzi ule ulikuwa na uchungu kidogo mwishoni. Sisi watoto tuliupenda.

Asubuhi, kabla upepo haujaanza, maji yalikuwa maangavu na mawe ya chini yakionekana. Huo ndio wakati wa fisi maji. Kwanza unasikia mluzi mwembamba kutoka nyuma ya jiwe la mbali, kisha mwingine unaujibu. Halafu vichwa vitatu au vinne vinatokea juu ya maji, bapa, vyenye masikio madogo, vinazama pamoja na kuibuka pamoja. Fisi maji wa ziwa letu ni wadogo, rangi yao ni kahawia ya kukolea, na kooni wana mabaka meupe yasiyofanana kwa mmoja na mwenzake. Babu aliwatambua kwa mabaka hayo. Alikuwa akininong'onezea, "Yule mama karudi, na wanawe wawili." Mnyama akishamkamata furu, humshika kwa mikono miwili na kumla kuanzia kichwani, huku akielea palepale. Ziwa likiwa limetulia, sauti ya mifupa ikivunjika ilitufikia kwenye mawe tuliyokalia.

Babu alivua kwa migono na ndoano. Mjomba, mwanawe, alikuwa mtu wa nyavu za makila. Nadhani ugomvi wao wote ulianzia hapo, kwenye zana. Fisi maji alipoingia kwenye mgono wa babu, alichokula kilikuwa samaki wa siku moja. Alipoingia kwenye wavu wa mjomba, aliacha tundu. Na wavu katika miaka ile ulikuwa kitu cha kuombea. Madukani Nansio palikuwa na rafu tupu. Uzi wa nailoni ulisubiriwa kutoka Mwanza kwa meli, na ulipofika ulikuwa kwa bei ya anayeuuza. Nilimwona mjomba akifumua wavu mzee usiofaa tena ili apate uzi wa kuzibia ule uliobaki.

Jioni walikaa chini ya mwembe wa mwaloni, wavu umetandazwa kati yao, na mimi nikishika karabai.

"Sogeza taa," mjomba aliniambia, kisha akamgeukia babu. "Baba, huyu mnyama hali samaki. Ananila mimi."

"Nipe hilo tundu nilione," babu alijibu.

Alikuwa na namna yake ya kuyasoma matundu. Mamba huondoka na kipande kizima, na maboya hayaonekani tena. Kamongo akinasa hukata nyuzi kwa meno, na ukipitisha kidole unakuta ncha zimekatika sawasawa. Fisi maji huacha vitundu kadhaa vilivyo karibukaribu, na kwenye macho ya wavu hubaki vichwa vya sato bila viwiliwili. Babu alikuwa akizungusha wavu kwenye mwanga, anapapasa, anatoa hukumu: "Kamongo." Tundu la pili, "Kamongo tena." La tatu alilishika muda mrefu, akanyamaza, akampa mjomba sindano ya mti ashone. Mjomba alielewa, na ndipo hasira ilipompanda zaidi.

Wavuvi wengine walikuja kusikiliza na kugawanyika. Wapo waliotaka mawe yachunguzwe, mashimo yazibwe na mbwa wapelekwe. Wapo waliosema ukimwona fisi maji anazamia mahali, ujue chini yake pana samaki, na ukimwua utabaki unatega kwa kubahatisha. Babu alikuwa wa hao. Alitega ndoano zake pale alipowaona wakizamia, na siku nyingi alirudi na mumi. Aliweza pia kukuonyesha juu ya mawe kinyesi chao, kimejaa magamba madogo na vipande vya kaa, akiuliza sato mkubwa wa mjomba yuko wapi humo. Mjomba alijibu kwamba sato ukimla nyama tu huachi gamba. Lilikuwa jibu zuri, na babu hakuwa na la kuongeza.

Mimi nilikuwa upande wa babu, na bado niko huko. Lakini niliona pia vidole vya mjomba vilivyochanjwa na uzi, na sikuwahi kumwona akifanya uvivu.

Mwaka mmoja alitega waya. Asubuhi alikuta amemkamata mmoja, na ngozi yake ikaning'inia ukutani kwake majira yote ya mvua, mabaka yakielekea mlangoni. Babu hakusema neno. Aliacha kwenda kunywa chai kwa mjomba kwa muda, basi.

Kisha sangara wakaja. Walikuwa wamepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 na 1960, na kwetu walikuwa wakionekana mmojammoja, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1980 walijaa kila wavu. Furu wakapungua msimu hadi msimu, mpaka mawe ya kuanikia yakabaki na kunguru tu. Sangara ana mafuta, jua halimkaushi. Ikabidi wabanikwe, na kuni zikaanza kutafutwa mbali. Nyavu zikawa za macho makubwa na uzi mnene. Maji yakawa ya kijani. Mluzi wa asubuhi tuliusikia kwa nadra, na ugomvi wa chini ya mwembe ukakosa chakula.

Babu hayupo siku hizi. Mjomba ni mzee, anatembea na mkongojo, na mwanawe anafuga sato kwenye kizimba karibu na mawe yaleyale. Niliporudi mara ya mwisho niliwakuta wanabishana. Kijana alikuwa amekuta wavu wa kizimba umetoboka na sato wameondoka, akataka kwenda mjini kutafuta sumu.

"Fisi maji wamerudi, Baba. Nimewaona kwa macho."

Mjomba aliomba aletewe wavu. Aliuvuta magotini, akautafuta mwanga wa mlangoni, akaingiza kidole gumba kwenye tundu na kukizungusha polepole. Alimwambia mwanawe kwamba hapa uzi umelika kwa kusuguana na fremu, na pale, hapo chini, ndiyo, huyo ni fisi maji. Sumu akaikataa, kwa sababu wanywao maji ya pale ni wengi. Akamwagiza afunge wavu wa pili wa nje, wenye macho madogo, uache nafasi ya mkono mzima kutoka kwa ule wa ndani. Kijana akauliza fedha za wavu wa pili zitatoka wapi, na mjomba akaanza kumweleza ni nyuzi gani za zamani zinaweza kufumuliwa.