Safari ya Mbebe Haishii Kiwanjani

Huenda siku moja ukaletewa habari kutoka kwenu Mbebe, wilayani Ileje, kwamba kuna msiba na maziko ni kesho. Hapo wewe uliye Dar es Salaam huna budi kupiga hesabu ya mwendo.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kiwanja cha Ndege cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012, ni kilomita zipatazo 690 kwa njia ya angani. Ndege huzimaliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Basi, likipitia Morogoro, Iringa na Mbeya, hula mchana kutwa na kipande cha usiku.

Lakini jina lisikuhadae. Kiwanja hicho kimo mkoani Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa baadaye, mwaka 2016. Ukishuka ungali na safari: upite Vwawa, ufike Mpemba karibu na Tunduma, ukate kushoto kuingia Ileje, ndipo uitafute Mbebe. Ndege itakayotua jioni itakuacha usiku ukiwa njiani.

Kwa hiyo usiulize saa za angani peke yake. Uliza pia ndege hutua wakati gani, na ni nani atakayekupokea Mpemba. Nauli kubwa hupunguza saa za juu. Mwendo wa kutoka Mpemba ni ule ule kwa abiria wa ndege na wa basi. Aliyeuweka katika hesabu yake ndiye atakayewahi kutia udongo kaburini.