Kiti Kilichokataa Amri

Kiti ni kitu cha unyonge machoni pa watu. Hukaliwa bila ya kushukuriwa, na husahauliwa mara tu mkaaji anaposimama. Lakini ndani ya gari kiti kina cheo kikubwa kuliko kinavyodhaniwa, kwa sababu ndicho kinachopima umbali uliopo kati ya mguu na breki, kati ya mkono na usukani, na kati ya jicho na njia. Dereva aliyekaa mbali mno, au chini mno, hana amri kamili juu ya chombo chake, hata kama injini ina nguvu za farasi mia tatu. Kwa hiyo kiti kinapokataa kusogea, kilichopotea si anasa peke yake. Usalama nao umepungua.

Watengenezaji wa magari wa Marekani walianza kukipa kiti nguvu za mashine katika miaka ya 1940. Katika baadhi ya magari ya kwanza ya namna hii, kazi ilifanywa na mafuta yaliyosukumwa kwa pampu katika mabomba membamba. Mafuta yalikuwa na nguvu, lakini yalikuwa pia na tabia ya kuvuja. Miaka ya 1950 ilileta mageuzi. Magari ya Cadillac ya mwaka 1953 yaliacha umeme wa volti 6 yakashika wa volti 12, na yale ya Ford yakafuata mwaka 1956. Volti zikiongezwa mara mbili, kazi ile ile hufanywa kwa nusu ya mkondo wa umeme. Mota zikachukua mahali pa mafuta, na kiti kikapata njia sita: kwenda mbele na kurudi nyuma, kupanda na kushuka, na kuinamia mbele au nyuma kama dereva apendavyo.

Apitaye njiani hauoni ustadi uliofichwa chini ya kiti cha Cadillac ya miaka ya 1960. Njia sita hizo zote huendeshwa na mota moja. Mota huzungusha sanduku la gia, na solenoidi tatu huchagua kazi ya kufanywa. Solenoidi ni sumaku inayozaliwa umeme unapopita na kufa umeme unapokatika. Moja hushika mwendo wa mbele na nyuma, ya pili huinua upande wa mbele wa kiti, na ya tatu upande wa nyuma. Kutoka hapo, kebo laini zinazozunguka ndani ya ala zake hupeleka nguvu kwenye reli mbili, ya kulia na ya kushoto, ili pande zote mbili ziende pamoja kama ng'ombe wawili wa nira moja. Mmoja akisimama, mwenziwe hawezi kwenda. Kiti hupinda, kikakwama.

Na afikiriwe binti wa Michigan aliyerithi gari la namna hiyo kwa baba yake. Baba alikuwa mtu mrefu, na binti ni mfupi kama mama yake. Kiti kilisimama pale kilipoachwa na marehemu, nyuma kabisa na chini kabisa. Binti aketipo, ncha ya kiatu chake huigusa breki, lakini hana nguvu ya kuikanyaga. Anabonyeza swichi, na kiti hakiitikii. Fundi wa kwanza aliyeitwa anachomeka taa ndogo ya kupimia katika waya za mota, na taa inawaka. Basi anatoa hukumu: umeme unafika, mota imekufa, na kwa kuwa mota ya zamani hiyo ni ghali na adimu, afadhali kiti chote king'olewe, mahali pake patiwe kiti cha kusogezwa kwa mkono. Hukumu hiyo inasikika kuwa ya busara. Tena ina ushahidi, maana taa imewaka mbele ya macho ya wote.

Lakini ushahidi ni kitu kimoja, na maana yake ni kitu kingine. Kabla ya kukubali kwamba mota imekufa, binti anapaswa kukiuliza kiti chenyewe maswali machache, kwa utaratibu, akianza na mepesi na kuishia na mazito.

Swali la kwanza ni la betri. Betri dhaifu huweza kuwasha taa na kupiga redio, lakini ikashindwa kusukuma uzito wa kiti na mtu juu yake. Swali la pili ni la majirani. Katika magari mengi, kiti na madirisha ya umeme huteka katika kisima kimoja, yaani hulindwa na kikata umeme kimoja. Ndani ya kilinzi hicho mna ukanda wa madini mawili yaliyobanwa pamoja. Mkondo ukizidi, ukanda hupata moto, hupinda, ukakata umeme. Ukipoa hunyooka na kuurudisha. Kama madirisha nayo yamekufa, hakuna haja ya kukilaumu kiti. Kama yanafanya kazi, kisima kina maji, na ukame uko mbele zaidi.

Swali la tatu huulizwa kwa sikio. Swichi inapobonyezwa, kiti kilichoharibika hutoa moja ya majibu matatu. Kikiwa kimya kabisa, yaelekea umeme haufiki, au swichi yenyewe imechakaa. Kikitoa mlio mdogo, kama wa ulimi kugonga kaakaa, amri imefika lakini nguvu haikuifuata. Mota ikivuma na kiti kisiende, umeme umetimiza wajibu wake, na kosa liko katika gia, solenoidi au kebo iliyokatika. Na kama kiti hupanda lakini hakiendi mbele, mota imekwisha kujitetea. Kwa kuwa mota ni moja kwa njia zote, haiwezi kuwa hai kwa kazi hii na maiti kwa kazi ile.

Swali la nne huulizwa kwa jicho. Mlango ufunguliwe ili taa ya ndani iwake, kisha swichi ibonyezwe. Taa ikififia sana, mkondo mkubwa unapita, na yaelekea mota inasukuma kitu kilichokwama: grisi iliyoganda kwa miaka mingi, au sarafu, kalamu na vibanio vya nywele vilivyoanguka chini ya kiti vikaingia katika reli. Taa isipotikisika, mkondo hauendi, au unakwenda kidogo tu.

Katika gari la binti, madirisha yalifanya kazi, mlio mdogo ulisikika, na taa ya ndani ilififia kidogo tu. Majibu hayo hayakupatana na hukumu ya fundi. Hapo ndipo siri ya taa yake ya kupimia inapofunuka.

Taa ndogo hunywa mkondo kidogo sana, yapata robo ya ampea. Mota ya kiti huhitaji ampea nyingi. Tuseme katika njia ya umeme pana kiungo kilicholiwa na kutu, chenye ukinzani wa nusu omu. Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm wa Ujerumani mwaka 1827, volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Taa ikifungwa hapo, hupotea sehemu ya nane tu ya volti moja, na taa huwaka kana kwamba mambo yote ni salama. Mota ikifungwa hapo ikataka ampea 15, hupotea volti saba na nusu. Katika volti 12 za betri, mota hubakiwa na nne na nusu, nayo haiwezi kuinua hata mto. Waya ni ule ule, na kiungo ni kile kile. Kilichobadilika ni mzigo. Kiungo kilikuwa mwaminifu kwa jambo dogo, kikasaliti kwa jambo kubwa, na fundi alikitahini kwa jambo dogo. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki; na waya hujulikana kwa mzigo.

Kwa hiyo kipimo cha haki hufanywa wakati mota inapoombwa kufanya kazi. Mtu mmoja hubonyeza swichi, na mwingine hushika mita ya volti, ncha moja katika mwili wa mota, na ncha ya pili katika kichwa hasi cha betri. Njia ya kurudi ikiwa safi, mita huonyesha karibu na sifuri. Mita ya binti ilionyesha zaidi ya volti saba. Kosa halikuwa katika njia ya kwendea, ambayo kila mtu huichunguza, bali katika njia ya kurudia, ambayo wengi huisahau: waya wa ethi, unaofungwa kwa bolti katika bati la sakafu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Zulia lilipoinuliwa, sababu ilionekana. Katika majira ya baridi barabara za Michigan hutiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo huingia garini katika nyayo za viatu. Kwa miaka mingi, theluji iliyoyeyuka chini ya miguu ya baba ilikuwa ikipenya zulia na kula bolti ile polepole. Ili kuthibitisha, waya mnene wa muda ulifungwa kutoka mwili wa mota hadi kichwa hasi cha betri. Kabla ya swichi kubonyezwa, binti alipiga mstari wa chaki katika reli, kuonyesha mahali kiti kilipokuwa siku zote hizo. Kisha akabonyeza, na kiti kikaja mbele.

Dawa iliyobaki ilikuwa ndogo: betri kufunguliwa kwanza, kutu kukwanguliwa hadi bati ling'ae, bolti mpya kukazwa, na grisi kupakwa ili unyevu usirudi. Waya zinazopita chini ya kiti zilikaguliwa pia, kwa kuwa hufuata mwendo wa kiti miaka yote na ngozi yake huweza kuchubuka. Na waya uliochubuka ukigusa bati huweza kuzaa moto. Kazi yote hiyo ina gharama ndogo kuliko mota, na ndogo mno kuliko kiti kizima.

Upo mzaha katika maumbile ya viti hivi ambao mafundi huujua vizuri. Mara nyingi bolti za kukishikilia kiti hufichwa na kiti chenyewe. Za nyuma huonekana kikiwa mbele, na za mbele huonekana kikiwa nyuma, hata kiti kilichokwama huwa kimeukalia ufunguo wa kifungo chake. Anayekimbilia kung'oa hukutana na mlango huo uliofungwa, akatumia nguvu, akavunja kilichokuwa kizima. Anayeuliza kwanza huenda asihitaji kung'oa kitu.

Si vitu tu vinavyohukumiwa kwa taa ndogo. Shule humpima mtoto kwa swali jepesi ikasema anajua. Kazi humpima mtu siku ya raha ikasema anaweza. Na mzigo unapokuja akaanguka, lawama huwekwa juu yake, wala si juu ya kiungo kilichooza mahali pasipotazamwa. Mota iliyonyimwa umeme na mota iliyokufa hufanana kwa ukimya wao, na asiyezitenga huzika zilizo hai. Kila mwaka magari ya zamani hupoteza viungo vyake vya asili kwa hukumu za namna hiyo, na kitu cha asili kikishatupwa, hakuna fedha inayoweza kukirudisha kile kile. Pale mwanzoni palitakiwa dakika chache za kusikiliza, na kipimo kilicho sawa na mzigo.