Fahali wa Jiwe

Mwaka 1879, katika pango la Altamira, kaskazini mwa Hispania, mtoto wa kike wa miaka 8 aliinua macho yake akaona jambo ambalo baba yake hakuliona. Baba, Marcelino Sanz de Sautuola, alikuwa ameinama akichimbua sakafu ya pango kutafuta mifupa na zana za mawe. Mtoto, jina lake María, hakuwa na kazi ya kumwinamisha. Katika dari ya pango palikuwa na kundi la baisani, wanyama wa jamii ya nyati wenye nundu, wamepakwa rangi nyekundu na nyeusi. Baadhi wamesimama, baadhi wamejikunja. Mtu mzima hutafuta anachokijua; mtoto huona kilichopo.

Sautuola aliandika kijitabu mwaka 1880, akasema kuwa picha zile zilikuwa kazi ya watu wa kale mno. Alilipwa dhihaka. Mabingwa wa elimu hiyo, na miongoni mwao Mfaransa Émile Cartailhac, walikataa. Hawakukataa kwa sababu picha zilikuwa mbaya, bali kwa sababu zilikuwa nzuri kupita kiasi. Yawezekanaje, waliwaza, mtu asiye na jembe wala mji awe na mkono kama huo? Ilidhaniwa kuwa mchoraji wa siku zile zile aliingizwa pangoni kuwahadaa wataalamu. Sautuola alifariki mwaka 1888, na doa la udanganyifu halijafutika katika jina lake. Baadaye yalionekana mapango mengine yenye picha katika nchi ya Ufaransa, na mwaka 1902 Cartailhac akachapisha ungamo la kosa lake. Ungamo lile lilikuwa la kiungwana, lakini lilimkuta mdhulumiwa amekwisha lala kaburini miaka 14.

Kisa hiki chapasa kukumbukwa kila zinapotajwa kazi za wachoraji wa zama hizi wanaochora wanyama kwa mtindo wa ukubisti, huku wakisema kuwa mwalimu wao ni mchoraji wa pangoni. Jina la mtindo huo latokana na mchemraba. Ulizaliwa Paris kati ya mwaka 1907 na 1908 mikononi mwa Pablo Picasso na Georges Braque. Kabla yao, kwa karne nyingi, mchoraji wa Ulaya alifundishwa kusimama mahali pamoja na kuona kwa jicho moja: kilicho karibu kiwe kikubwa, kilicho mbali kiwe kidogo, na upande usioonekana usichorwe. Wakubisti waliivunja amri hiyo. Walikivunja kitu vipande, wakavipanga tena juu ya kitambaa, hata mbele, ubavu na nyuma vikaonekana kwa pamoja.

Basi hapana ajabu kwamba mtu anayetoka katika ukumbi wa picha za kikubisti na kuingia katika picha za Lascaux hudhani amekutana na jamaa. Pango hilo la kusini magharibi mwa Ufaransa lilivumbuliwa na vijana wanne mwezi Septemba 1940, na picha zake zina umri wa takriban miaka 17,000 au zaidi. Fahali mmojawapo ana urefu unaozidi mita 5. Mwili wake umechorwa kwa ubavu, lakini pembe zake zimegeuzwa kumkabili mtazamaji. Padre Henri Breuil, aliyetumia umri wake kunakili picha za mapangoni, aliuita uchoraji wa namna hii mtazamo uliopindwa. Mwindaji hakuchora jinsi mnyama anavyoonekana kwa nukta moja ya wakati. Alichora mambo anayoyajua juu yake. Mgongo hujulikana kwa ubavu, pembe hujulikana kwa mbele. Kwa nini kimoja kipotezwe kwa ajili ya kingine?

Mfano ulio bora wa ujamaa huu ni fahali wa Picasso mwenyewe. Kuanzia Desemba 1945 hata Januari 1946, katika karakana ya kupiga chapa ya Fernand Mourlot mjini Paris, Picasso alichora fahali juu ya jiwe la chokaa. Katika kazi hiyo jiwe huchorwa kwa wino wenye mafuta, kisha hulowanishwa maji. Penye mafuta hukataa maji na kupokea wino wa kuchapia. Fahali wa kwanza alikuwa fahali wa kawaida. Wa pili alikuwa mzito zaidi, mwenye giza na nguvu. Kisha, hatua kwa hatua juu ya jiwe lile lile, mchoraji alianza kukwangua na kupunguza. Alimgawa mnyama kwa mistari kama mchinjaji anayejua kila kiungo. Akamgeuza kuwa pande za umbo. Akaondoa uzito, akaondoa kivuli, akaondoa hata ile mistari ya kugawia. Katika hatua ya 11 ilibaki mistari michache tu, na kichwa kidogo mno chenye pembe. Lakini fahali hakuondoka. Aliyepunguzwa hivyo alibaki fahali mtupu, wala hawezi kudhaniwa kuwa mnyama mwingine.

Jiwe la chokaa ndilo ukuta wa Altamira, na jiwe la chokaa ndilo lililokuwa chini ya mkono wa Picasso. Mambo haya yashawishi mtu kusema kwamba watu wa pangoni walikuwa wakubisti kabla ya ukubisti. Usemi huo ni mtamu, lakini wahitaji kupimwa. Mkubisti alivunja sheria. Mchoraji wa pangoni hakuwa na sheria ile ya kuvunja. Wa kwanza aliufikia wepesi kwa kupunguza, wa pili alianza nao. Tena yule wa Altamira alifanya jambo ambalo karatasi haina uwezo nalo: alitazama uvimbe wa mwamba kwa nuru ya taa, akaona baisani amekwisha kaa humo, akamtia rangi tu. Wasafiri wawili waweza kukutana kisimani, mmoja akitoka mashariki na mwingine magharibi. Kukutana kwao si dalili kuwa wamepita njia moja.

Kosa la mwaka 1880 lilikuwa kumnyima mtu wa kale akili. Kosa la leo ni jepesi zaidi, lakini ni ndugu yake: kumpa mtu wa kale akili kwa sharti kwamba iwe akili yetu. Humsifu kwa kuwa alitutangulia katika jambo letu, kana kwamba aliishi ili atuandalie njia. Huko Kondoa, katika Tanzania, iko miamba yenye picha nyekundu za twiga, pofu na watu wembamba. Mary Leakey alizinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 miamba hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Katika mwamba wa Mungomi wa Kolo watu wa jirani wameendelea kufanya matambiko yao. Kwao mahali pale si utangulizi wa sanaa ya Paris. Pana maana yake penyewe.

Je, mchoraji wa leo aache kujifunza kwa mwalimu huyo? La. Ajifunze, lakini ajue anachojifunza. Pembe zilizopindwa na mistari michache ni nguo tu, na nguo huazimwa kwa siku moja. Lililo gumu kuazima ni ule ujuzi wa mnyama uliotangulia mstari: kuishi karibu naye, kumfuata, kumwogopa na kumhitaji. Picasso alikuwa mwana wa Málaga aliyekulia penye michezo ya fahali. Alipompunguza fahali alikuwa na kingi cha kupunguza. Asiyekuwa na kitu hapunguzi; hubaki na utupu, akauita wepesi.

Na liko jambo la mwisho. Fahali wa Lascaux ni ng'ombe mwitu wa kale, mzazi wa ng'ombe wa mazizini. Wa mwisho wa jinsi yake alikufa huko Poland mwaka 1627. Pango lenyewe lilifungwa kwa umma mwaka 1963, kwa kuwa pumzi za watazamaji zilikuwa zikiziharibu picha, na sasa wageni huonyeshwa nakala. Mnyama amekwisha, mchoraji amekwisha, na mlango umefungwa. Mstari ungali unatembea ukutani gizani. Mchoraji wa leo anayemchora faru au tembo kwa pembe na pande hana budi kujiuliza kama mstari wake nao utaweza kumchukua mnyama huyo, siku ambayo hapatakuwa na mwingine wa kumlinganisha naye.