Gundi ya Kioo cha Ndege

Sisi akina mama wa Mofu tunawajua watoto wetu: wakipata boksi na chupa tupu ya maji, wanaunda ndege. Boksi huwa mwili, plastiki angavu huwa kioo cha rubani. Kazi ni kukibandika kioo hicho, na hapo ndipo mama anapoombwa hela ya gundi.

Wengi hutaka supagluu kwa kuwa hushika upesi. Sisi tunaikataa. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki, na kioo alichokihangaikia mtoto asubuhi nzima hakionyeshi tena. Tena hunasa vidole. Vikinasa tusivivute, tuviloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, tuviachanishe polepole. Ikiingia jichoni, tulioshe kwa maji mengi bila kulifungua kwa nguvu, twende zahanati mara moja.

Tunayoipenda ni ile nyeupe ya maseremala. Ikiwa mbichi ni kama maziwa, ikikauka huwa angavu. Tunakwaruza ukingo wa plastiki kwa msasa, tunapaka kidogo kwa njiti ya kiberiti, kisha ndege inalala hadi kesho. Haina nguvu sana, lakini kioo cha ndege ya boksi kinabeba mzigo gani? Shida yake ni maji tu: masika ikiikuta ndege uani, kioo hubanduka.